Malighafi ya Uhai Katika Gramu 121.6

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi, walimu na wapenzi wa elimu ya anga. Naiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, ndugu zangu wote mliohudhuria: asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie molekuli za kikaboni, yaani zilizojengwa kwa kaboni, zilizokutwa kwenye sampuli zilizoletwa kutoka asteroidi, yale mawe ya angani yanayolizunguka Jua. Orodha yake ni ndefu na nitaifikia. Lakini leo nimekuja na swali moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: tunajuaje kwamba si zetu?

Maana kila habari zinapotoka kwamba chembe za uhai zimekutwa angani, wengi wetu tunakimbilia kushangaa. Tulieni kwanza. Asidi amino, zile molekuli zinazoungana kutengeneza protini, ziko kwenye jasho la vidole vyangu. Zimo kwenye mate yanayoruka ninapozungumza nanyi sasa hivi. Zimo kwenye udongo na kwenye vumbi lililotua juu ya viti mlivyokalia. Dunia hii imejaa uhai mpaka kwenye nyufa. Sasa jiwe linaanguka kutoka juu, linalala porini usiku kucha, linaokotwa kwa mikono mitupu, halafu maabara inatangaza kwamba lina asidi amino. Jamani, tunajuaje kwamba si zetu?

Msidhani nafanya mzaha. Sikilizeni kisa hiki.

Mwezi Mei mwaka 1864 kimondo kilipasuka juu ya kusini mwa Ufaransa, na vipande vyake vikaanguka karibu na kijiji cha Orgueil. Ni jiwe jeusi, laini, lenye kaboni nyingi. Vipande vikagawanywa, vikapelekwa kwenye makumbusho mbalimbali, vikakaa. Karibu miaka mia moja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti nchini Marekani wakatangaza kwamba ndani ya kimondo hicho wameona kitu kinachofanana na mabaki ya viumbe vidogo. Ukazuka ubishi mkubwa. Baadhi ya hayo mabaki yalipoangaliwa vizuri yakaonekana ni chavua ya mimea ya hapahapa duniani. Lakini mkasa wenyewe ulikuwa bado. Kipande kimoja kilichohifadhiwa ndani ya chupa iliyofungwa, katika makumbusho ya mji wa Montauban, kilifika mikononi mwa Edward Anders na wenzake. Wakakichokoa. Wakakuta mbegu ndani yake.

Mbegu! Ndani ya jiwe la angani!

Wakaendelea kuchokoa. Wakakuta vipande vya makaa ya mawe. Wakakuta na gundi. Mtu fulani alikuwa amelilowesha lile jiwe, akapachika mbegu, akaziba, akalipaka liwe jeusi kama mwanzo. Inaelekea alifanya hivyo mwaka uleule wa 1864, wakati wasomi wa Ufaransa walikuwa wakibishana kama uhai unaweza kujizukia wenyewe. Ni nani huyo? Hajulikani hadi leo. Mtego wake ulikaa ndani ya chupa karibu karne nzima, na maskini akafa bila kumwona mtu hata mmoja akinasa.

Kwa hiyo nikiuliza tunajuaje kwamba si zetu, nauliza swali ambalo limewahi kuwaumbua watu wazima wenye shahada zao.

Haya, tusogee mbele. Tarehe 28 Septemba 1969, asubuhi ya Jumapili, kimondo kingine kilipasuka juu ya mji wa Murchison, jimbo la Victoria, Australia. Mawe ya zaidi ya kilo 100 yaliokotwa, na waliofika mapema walisimulia kwamba yalikuwa na harufu kama ya spiriti. Wakati wenyewe ulikuwa wa bahati ya ajabu. Miezi miwili tu nyuma yake wanaanga wa Apollo 11 walikuwa wamerudi na mawe ya Mwezi, kwa hiyo maabara zilikuwa zimejiandaa, zina mashine nyeti na watu waliozoea usafi mkali. Mwaka 1970 Keith Kvenvolden wa NASA na wenzake wakachapisha matokeo: Murchison ina asidi amino, na miongoni mwake zimo ambazo viumbe wa duniani hawazitumii kujengea protini.

Hapo ndipo swali letu lilipoanza kupata jibu la maana. Ukikuta ndani ya jiwe kitu ambacho protini zako hazina habari nacho, huwezi kukisingizia kidole cha mwokotaji. Lakini zile za kawaida je? Glaisini, alanini na wenzao, ambazo ziko angani na ziko jikoni? Shaka ilibaki palepale.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukitaka jiwe ambalo halijaguswa na hewa ya Dunia, lifuate huko liliko.

Wa kwanza kuinama walikuwa Wajapani. Chombo chao Hayabusa kilirudi mwaka 2010 na chembe kama 1,500 za asteroidi Itokawa, nyingi ndogo kiasi kwamba huzioni bila hadubini. Safari ya pili, Hayabusa2, iliondoka Desemba 2014 kwenda asteroidi Ryugu. Mwaka 2019 kiligusa uso wa Ryugu mara mbili, na katikati ya miguso hiyo kikafanya jambo ambalo mimi binafsi nalipenda kuliko yote: kikaipiga asteroidi kwa kipande cha shaba cha kilo mbili, kikachimba shimo, ili kipate vumbi la chini ambalo halijachomwa na mionzi ya Jua. Desemba 2020 kapsuli yake ilitua Woomera, Australia. Ndani yake gramu 5.4.

Gramu tano na kitu! Na humo wakahesabu aina zipatazo 20,000 za molekuli za kikaboni, pamoja na asidi amino. Mwaka 2023 wakaongeza urasili, moja ya herufi nne za RNA, ile molekuli inayobeba maagizo ndani ya viumbe hai, na vitamini B3.

Tunajuaje kwamba si zetu? Safari hii jibu lilikuwa zuri zaidi, kwa sababu kapsuli ilifungwa angani na kufunguliwa ndani ya maabara safi. Lakini hata Ryugu ina kisa chake. Punje moja ilipelekwa Uingereza kuchunguzwa. Walipoipiga picha za eksirei kabla haijatolewa kwenye hifadhi yake, hakuna kilichoonekana juu yake. Baada ya kuandaliwa na kukutana na hewa yetu, wakaona vijiti na nyuzi nyembamba za kikaboni usoni pake, umbo hasa la bakteria. Fikirini mioyo ya watu pale! Ila wakafanya jambo la busara: wakavihesabu, wakasubiri, wakavihesabu tena. Idadi ikapanda, kisha ikashuka, kama inavyokuwa kwa bakteria wa kawaida wanaozaliana na kufa. Walikuwa bakteria wetu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024, na somo lake linatisha kidogo: jiwe lililokaa angani miaka bilioni 4.5 bila mkaazi lilivamiwa na viumbe wa Dunia ndani ya muda mfupi tu, tena mikononi mwa watu makini.

Sasa nije kwa Bennu, ambayo ndiyo hasa iliyonileta hapa.

Bennu ni asteroidi yenye upana wa karibu nusu kilomita. Chombo cha NASA kiitwacho OSIRIS-REx kiliondoka Septemba 2016 na kufika huko mwishoni mwa 2018. Tarehe 20 Oktoba 2020 kikanyoosha mkono wake kugusa uso. Watu walitarajia kitu kigumu. Bennu ni rundo la kokoto zilizoshikana kwa shida sana, na mkono ulipogusa haukukuta upinzani wowote wa maana. Kichwa cha kukusanyia kikapuliza gesi ya nitrojeni, kokoto zikaruka, na mkono ukaendelea kuzama hadi karibu nusu mita, mpaka chombo kilipowasha injini zake kurudi nyuma.

Siku mbili baadaye picha zikaonyesha jambo la kutia kiwewe. Vipande vilikuwa vinaelea karibu na kile kichwa. Mawe makubwa yalikuwa yamekwama kwenye ulimi laini wa plastiki unaopaswa kujifunga, mwanya ukabaki wazi, na mzigo uliofuatwa kwa miaka minne ulikuwa unavuja hivihivi watu wakitazama. Mpango ulikuwa wakizungushe chombo polepole ili wapime uzito wa walichopata. Wangekizungusha, wangemwaga zaidi. Wakaufuta mpango huo, wakaufungia mzigo ndani ya kapsuli haraka, wakaanza safari ya kurudi bila kuupima.

Kapsuli ilitua kwenye jangwa la Utah tarehe 24 Septemba 2023. Ni jangwa lilelile ambalo mwaka 2004 kapsuli nyingine ya NASA, Genesis, ilijibamiza chini kwa sababu vitambuzi vya kufungulia parachuti vilikuwa vimefungwa kichwa chini miguu juu. Safari hii parachuti ndogo ya kutangulia haikufanya kazi ilivyopangwa. Kubwa ilifunguka, na hiyo ilitosha.

Mnadhani matatizo yaliishia hapo? Mtungi wenyewe ulikuwa na vifungo 35, na viwili vikagoma kufunguka. Mtu wa kawaida angetafuta nyundo. Wao hawakuruhusiwa. Kila chombo kinachoingia kwenye kabati lile la nitrojeni ni lazima kiwe kimeidhinishwa, kisiache chembe yoyote ya kigeni. Ikabidi wabuni zana mpya za chuma safi, na mtungi ukafunguka Januari 2024. Miezi kadhaa kwa ajili ya vifungo viwili! Hata nailoni ilipigwa marufuku, kwa kuwa nailoni inaachia molekuli inayohesabika kama asidi amino. Waliwahi kuonja adha hiyo kwenye vumbi la nyotamkia lililoletwa na chombo Stardust mwaka 2006, walipokuta masalia ya nailoni yamekaa pamoja na glaisini waliyokuwa wakiitafuta. Iliwachukua mpaka 2009, na vipimo vya isotopi za kaboni, yaani aina za kaboni zinazotofautiana uzito, kuthibitisha kwamba ile glaisini ni ya angani kweli.

Jumla ya mzigo wa Bennu ilikuwa gramu 121.6. Lengo lilikuwa 60.

Sasa orodha. Januari 2025 matokeo makubwa yalitoka. Kati ya asidi amino 20 ambazo viumbe wa duniani huzitumia kujengea protini, 14 zilikutwa Bennu. Besi zote tano, yaani zile herufi zinazoandika RNA na DNA, molekuli ya urithi, zimo: adenini, guanini, sitosini, thimini na urasili. Amonia imo, nyingi kuliko ilivyozoeleka kwenye vimondo, na nitrojeni yake ina isotopi nzito kwa kiwango kinachoashiria ilizaliwa kwenye baridi kali, mbali na Jua. Desemba 2025 ikaongezeka sukari: riboza, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa RNA, na glukosi. Ile sukari ya DNA, deoksiriboza, haikuonekana, na wale wanaoamini kwamba RNA ilitangulia DNA wamefurahi kidogo. Wana haki yao.

Lakini, ndugu zangu, naomba tukae kidogo kwenye jambo ambalo magazeti mengi yalilipita mbio. Chumvi.

Ndani ya vumbi lile watafiti wa Smithsonian kule Washington na wa makumbusho ya historia asilia ya London, wakiongozwa na Tim McCoy na Sara Russell, walikuta mfululizo mzima wa madini yanayobaki maji ya chumvi yanapokauka: fosfeti, kabonati za sodiamu, magadi yenyewe, na hata chumvi ile ya kawaida. Hii inatuambia nini? Kwamba Bennu ni kipande cha mzazi mkubwa zaidi aliyevunjika, na ndani ya mzazi huyo palikuwa na maji. Barafu iliyeyuka kwa joto la elementi zenye mnururisho, maji yakapita kwenye miamba, yakaokota sodiamu na fosforasi, yakabaki kwenye mifuko, yakaanza kukauka taratibu. Chumvi moja inaganda, ya pili inafuata, kila moja kwa zamu yake. Katika maji hayo, pamoja na amonia, kemia ya kikaboni inapata mahali pa kufanyia kazi.

Na kwa nini hatukuwahi kuyaona magadi hayo kwenye vimondo? Kwa sababu yanaharibika yakikutana na unyevu wa hewa. Kimondo kikianguka, ushahidi unayeyuka kabla hujaokota. Mnaona sasa vifungo viwili vilikuwa na thamani gani?

Turudi kwenye swali. Tunajuaje kwamba asidi amino za Bennu si zetu? Jibu bora kuliko yote liko mikononi mwenu. Inueni mikono, tafadhali. Wote, na wewe kijana wa nyuma. Viganja vyote viwili vitazame mbele. Vidole vitano hapa, vitano pale, kipimo kilekile. Sasa laza kimoja juu ya mgongo wa kingine, kiganja bado kikitazama mbele. Dole gumba haliendi lilipo dole gumba. Kushoto hakugeuki kulia hata ufanyeje. Asante, shusheni.

Molekuli nyingi ziko hivyohivyo. Aliyeligundua hilo alikuwa Louis Pasteur, mwaka 1848, akiwa kijana wa miaka 25. Alichukua fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki, akaziangalia kwa hadubini, akaona ziko za aina mbili, moja ni taswira ya kioo ya nyingine. Akazitenga kwa kibano, punje baada ya punje. Akaziyeyusha mbalimbali, na kila kundi likapinda mwanga upande wake. Mzee Jean-Baptiste Biot hakumwamini, akamtaka arudie mbele yake. Kijana akarudia, mzee akasadiki. Na Biot huyohuyo, miaka 45 kabla ya hapo, ndiye aliyekwenda L'Aigle kukagua mawe yaliyodondoka mwaka 1803 na kuwathibitishia wasomi wa Ufaransa kwamba kweli mawe huanguka kutoka angani! Mtu mmoja alishika ncha zote mbili za habari yetu ya leo, na hakuna aliyemwambia kwamba zinaungana.

Viumbe wa duniani, kuanzia bakteria hadi mwenyekiti wetu hapa, wanajenga protini kwa asidi amino za mkono wa kushoto. Upande wa kulia tunauacha. Kwa hiyo jasho langu likigusa sampuli, litaacha kushoto kwingi. Bennu wamekuta nini? Nusu kwa nusu. Kushoto na kulia karibu sawasawa. Hizo si zetu! Ziliundwa na kemia isiyojua kuchagua.

Ila jibu hilohilo limemharibia mtu hesabu zake. Murchison na vimondo vingine vilikuwa vimeonyesha ziada ya kushoto katika baadhi ya asidi amino, na wataalamu wengi walijenga juu yake nadharia tamu sana: kwamba upendeleo wetu wa kushoto tulirithi kutoka angani. Bennu inakataa. Ryugu nayo ilikuwa imekataa. Kwa nini basi uhai ulichagua kushoto? Huenda uchaguzi ulifanyika hapahapa, baada ya malighafi kufika. Mimi nasimama upande huo, na najua wapo humu watakaonipinga.

Na hapa niwaambie kitu kwa wale wanaongojea habari za Mirihi. Siku mtakaposikia asidi amino zimekutwa huko, au sukari, au hata besi zote tano, msiseme uhai umepatikana. Bennu imeonyesha kwamba vyote hivyo hujitengeneza vyenyewe ndani ya jiwe lenye maji ya chumvi, pasipo kiumbe hata mmoja. Ulizeni ziko mkono gani. Zikiwa zote za mkono mmoja, hapo nipigieni simu, hata iwe usiku wa manane.

Asilimia 70 au zaidi ya vumbi la Bennu haitaguswa na kizazi hiki. Imehifadhiwa kwa ajili ya watafiti wa baadaye na mashine ambazo bado hazijabuniwa. Huo si ubahili. Mrija mmoja wa udongo wa Mwezi uliochukuliwa na Apollo 17 Desemba 1972 ulifunguliwa Machi 2022, na baadhi ya waliouchunguza walikuwa hawajazaliwa ulipofungwa.

Wakati huohuo Wachina wako njiani. Tianwen-2 iliondoka Mei 2025 kwenda kwenye kijiwe kidogo kiitwacho Kamoʻoalewa, na sampuli zake zinatarajiwa kurudi mwishoni mwa 2027. Chombo kilichotuletea Bennu nacho hakikustaafu. Kiliidondosha kapsuli, kikapewa jina jipya, OSIRIS-APEX, na sasa kinaelekea Apophis, asteroidi itakayopita karibu kabisa na Dunia tarehe 13 Aprili 2029. Huko hakitachukua sampuli, kitachunguza kutoka karibu.

Nimemaliza. Mwenye swali anyooshe mkono, wa kushoto au wa kulia, leo hatubagui.